Kulipunguza Ziwa

Jumamosi ya kwanza ya Juni sheria ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, inafungua msimu wa kuvua samaki aitwaye maski. Kwenye gati za mji mdogo wa Walker mashua huanza kushushwa majini kabla jua halijachomoza. Mbele yake limelala Ziwa Leech: zaidi ya kilomita za mraba 400 za maji, ghuba zinazozaa ghuba nyingine, visiwa, rasi ndefu, na mafungu yaliyojificha mita moja au mbili chini ya mawimbi. Anayetafutwa humo ni samaki adimu. Ukiligawa ziwa kwa ekari, kila ekari haipati hata maski mmoja mzima, na mvuvi hodari anaweza kushinda kutwa nzima akirusha chambo asiguswe na kitu. Wavuvi wa huko wana msemo kwamba maski ni samaki wa kurusha mara elfu kumi.

Msemo huo naona unapotosha. Unamfanya anayeusikia adhani kazi hii ni ya mabega na viganja, kwamba anayerusha zaidi ndiye atakayepata. Waongozaji wanaolijua ziwa hili barabara hufanya kinyume, hasa mwanzoni mwa msimu: asubuhi ya kwanza fimbo zao zinaweza kulala sakafuni mwa mashua kwa saa nzima. Wanalipunguza ziwa. Wanalifuta kipande baada ya kipande mpaka libaki eneo dogo ambalo samaki ana sababu ya kuwamo, na hapo ndipo wanaponyanyua fimbo. Ufundi huo wa kufuta ndio unaonivutia kuliko hata samaki mwenyewe, ingawa samaki mwenyewe si wa kupuuzwa.

Maski, kwa jina la kisayansi Esox masquinongy, ni jamaa wa paiki, na wote wawili ni wawindaji wa kuvizia. Pezi la mgongoni liko nyuma kabisa, karibu na mkia, na chini yake kuna jingine linalolielekea. Kwa mapezi hayo na mkia mpana anapata nguvu ya kuchomoka ghafla kutoka pale alipotulia. Si samaki wa kufukuza windo mwendo mrefu. Mdomo ni bapa, meno ni marefu na yamechongoka, macho yamekaa juu ya kichwa. Kumtofautisha na paiki, wengi hutazama rangi: maski ana mwili mwangavu wenye alama za giza, paiki ana mwili wa giza wenye madoa mepesi. Njia ya hakika zaidi ni kuhesabu vitundu vilivyo chini ya taya. Maski ana sita hadi tisa kila upande, paiki ana vitano au pungufu. Jike hukua kuliko dume, na jike la sentimita 127 limeishi miaka mingi kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja nalo keshamaliza shule ya msingi.

Ugumu wa mwanzo wa msimu ni kwamba tarehe ya sheria haiendi sambamba na mwaka wa samaki. Serikali huhesabu Jumamosi, maski huhesabu joto. Maziwa ya kaskazini mwa Minnesota hufunikwa na barafu majira yote ya baridi, nayo kwa kawaida huachia mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Lakini mwaka 2012 maziwa mengi ya jimbo hilo yaliachia barafu mapema mno, mengine mwezi Machi, na mwaka uliofuata yale ya kaskazini yalikawia hadi katikati ya Mei. Maski hutaga maji yakiwa kati ya nyuzi 9 na 15 za selsiasi. Kwa hiyo Jumamosi ileile ya Juni inaweza kumkuta jike aliyemaliza kutaga wiki kadhaa nyuma, ameshapata nguvu na anakula. Au ikamkuta aliyetoka kutaga juzi, mwili umelegea, hana haja na chochote. Ndiyo maana mwongozaji mzuri hukuuliza mambo ambayo hukutarajia: barafu iliondoka lini, usiku wa mwisho wa Mei ulikuwa na baridi kiasi gani, upepo umevuma kutoka wapi tangu juzi. Hajaliona ziwa bado, naye keshaanza kulifuta.

Ziwa Leech linamsaidia kwa sababu si chombo kimoja cha maji. Upande wa magharibi kuna Walker Bay, ghuba yenye kilindi kinachopita mita 40, maji baridi na maangavu, makao ya sisko, samaki mnono ambaye maski wakubwa humpenda. Wakati wa kiangazi ni mahali pa kuheshimiwa. Mwanzoni mwa Juni kilindi hicho bado kinashikilia baridi ya barafu, na mwongozaji anaweza kuliacha eneo kubwa la ghuba hiyo bila majuto. Tumbo kuu la ziwa ni la kina kifupi, lakini liko wazi, na upepo huchanganya maji ya juu na ya chini kila joto linapoanza kujikusanya. Pembeni kuna ghuba za maji mafupi kama Boy Bay na Steamboat Bay, ambako mito huingia, na huko jua la Mei hufanya kazi haraka zaidi. Kati ya sehemu hizi unaweza kukuta tofauti ya nyuzi tatu au nne siku ileile. Kwa sisi watu wa nchi za joto, nyuzi tatu ni tofauti ya kivulini na juani, hatuisemi hata. Kwa samaki ambaye damu yake huchukua joto la maji yaliyomzunguka, tofauti hiyo huamua kama chakula cha juzi kimeshasagika au la.

Niliwahi kukaa kwenye mashua ya mwongozaji mmoja wa ziwa hili, mtu wa makamo, mkimya, asiyependa kuulizwa swali wakati anaangalia maji. Alikuwa anaendesha taratibu sambamba na ukingo wa matete makavu ya mwaka uliopita, jicho kwenye tarakimu za joto. Mahali fulani tarakimu zilipanda kwa kasi. Mimi nilifurahi, yeye hakufurahi. Alizima injini, akatoa kipimajoto kilichofungwa kwenye uzi wenye mafundo, akakitumbukiza hadi fundo la mita moja na nusu, akakiacha kinywe maji kwa muda, akakivuta na kukisoma. Tofauti ilikuwa kubwa. Jua la mchana na utulivu wa upepo vilikuwa vimepasha tabaka jembamba la juu tu, na samaki haishi kwenye tabaka hilo. Akawasha injini tukaondoka. Nimeona watu wengi wenye ujuzi wakishindwa kufanya hivyo, yaani kuiacha habari njema kwa sababu wameipima na kuikuta nyepesi.

Kinachomshawishi ni joto lililokaa. Upepo wa kusini ukivuma siku mbili mfululizo, maji ya juu yaliyopata joto husukumwa na kurundikana kwenye ghuba za kaskazini, na safari hii joto linashuka mpaka chini kwa sababu mawimbi yanalichanganya. Ukingo unaopigwa na upepo hivyo, ingawa unachosha kuvua, mara nyingi hushinda ghuba tulivu inayopendeza macho. Chini kukiwa na matope meusi, jua hupenya maji mafupi na kufyonzwa. Mchanga mweupe hulirudisha. Na kuliko tarakimu yenyewe, anauliza inaelekea wapi. Maji ya nyuzi 15 yanayopanda yana heri kuliko ya nyuzi 17 yaliyoshuka usiku baada ya upepo baridi wa kaskazini-magharibi.

Joto, hata hivyo, linaondoa nusu tu ya ziwa. Nusu nyingine inaondolewa na jambo ambalo Ziwa Leech limewafundisha wataalamu wenyewe. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwapachika maski wa ziwa hili vifaa vidogo vya redio ili wajue wanakwenda wapi wakati wa kutaga. Wengi walidhani maski hutaga palepale paiki anapotaga, kwenye majani yaliyofurika kandokando. Haikuwa hivyo. Maski wa Leech walikuwa wanataga mbali kidogo na ufuko, kwenye kina cha mita moja hadi mbili, juu ya matandiko ya mwani unaoitwa kara. Sababu yake ni ya maana. Paiki hutaga mapema, barafu ikiachia tu, kwa hiyo vifaranga vyake huanguliwa kabla ya vile vya maski na huweza kuvila. Mahali samaki hawa wawili wanapobanana kwenye matete yaleyale, maski huelekea kupungua. Leech ina nafasi ya kuwatenga, na maski wake wameitumia nafasi hiyo kwa vizazi.

Kwa mvuvi, habari hiyo ni ramani. Madume hubaki karibu na matandiko hayo kwa muda baada ya kutaga. Majike huondoka, lakini mwanzoni hayaendi mbali: hutafuta ukingo wa kwanza unaoteremka kidogo, wenye majani mapya, mahali pa kupumzika bila kufuatwafuatwa. Basi mwongozaji anatafuta kara kwanza, halafu anauliza ni kitu gani kilicho jirani nayo.

Na kara huijui kwa kuisoma, unaijua kwa vidole. Mwongozaji wangu alikokota ndoana chini, akapandisha kishungi cha kijani kilichofifia, akanipa. Kilikuwa kikavu kwa mguso ingawa kilitoka majini, kinakwaruza, kwa sababu mwani huu hujipaka chokaa mwilini. Nilipokibana kilivunjika kwa mlio mdogo, na harufu yake kali, iliyokaribia ya kitunguu saumu, ilibaki mkononi mwangu hadi jioni. Mbele kidogo alikokota tena akaleta jani pana la mmea mwingine. Alilinyoosha dhidi ya anga. Lilikuwa jembamba, la kijani kinachopitisha mwanga, na bua lilikatika kwa mkupuo mmoja. Akatikisa kichwa kukubali. Majani ya mwaka jana huwa ya kahawia, yanateleza, yanavutika kabla ya kukatika. Yaliyooza hivyo hayatoi hewa safi na hayashiki samaki wadogo. Jani jipya lina vijidudu, vijidudu vinaleta pechi wa manjano wachanga, na pechi wanaleta kila mtu mwingine. Hapo ndipo alipozima injini kubwa, akateremsha mota ya umeme isiyo na kelele, na kuchukua fimbo.

Thamani ya ujuzi wa mahali inaonekana pia katika historia ya kupandikiza samaki. Kwa miaka mingi Minnesota ilijaza maziwa yake maski wa ukoo wa Shoepack, ziwa dogo lililoko sehemu ambayo leo ni hifadhi ya taifa ya Voyageurs. Walizaana vizuri lakini walikuwa wafupi popote walipopelekwa, kwa kuwa udogo ulikuwa katika nasaba yao. Katika miaka ya 1980 idara ya maliasili ya jimbo iligeukia ukoo wa Leech, samaki waliozoea ziwa kubwa, nao wakakua. Majitu yaliyovuliwa miaka ya karibuni katika Ziwa Mille Lacs yana deni kwa uamuzi huo. Juni 2022, msimu ukiwa na wiki moja tu, mvuvi alimpata huko maski wa inchi 58 na robo, karibu sentimita 148, akampima na kumwachia, na jimbo likamtambua kuwa rekodi yake ya samaki walioachiwa.

Nirudi kwenye mashua. Chambo cha mwanzo wa msimu ni kidogo kuliko kile cha vuli: kijembe cha bati kinachozunguka, kimevishwa manyoya ya mkia wa paa, au samaki wa plastiki wa urefu wa kiganja na nusu. Kinavutwa taratibu, karibu na ncha za majani ambayo bado hayajafika juu. Fimbo ina urefu wa mita mbili na nusu au zaidi, mshipi wa kusuka una uwezo wa kubeba kilo 40 hivi, na mbele ya ndoana kuna kipande cha waya au nailoni nene, kwa sababu meno yale hukata mshipi mtupu mara moja. Hayo ni ya kununua dukani. Kisichonunuliwa ni kinachofanyika mita mbili za mwisho.

Maski ana tabia ya kufuata. Anakuja nyuma ya chambo, pua karibu kugusa manyoya, kutoka kwenye majani mpaka ubavuni mwa mashua, bila kufungua mdomo. Anayevua samaki wengine huinua chambo hapo na kurusha tena. Mvuvi wa maski hainui. Anachovya ncha ya fimbo ndani ya maji mpaka karibu na kiwiko na kuanza kuchora tarakimu nane, pana kwenye mikunjo, chambo kikizama kidogo kinapokata kona na kupanda kinapotoka. Mkunjo ukiwa mwembamba, samaki mwenye urefu wa zaidi ya mita hawezi kupinda naye anajitenga. Ukiwa mpana, anapinda, na katika kupinda huko ndiko anakoshambulia. Mwongozaji huchora nane hiyo kila anapomaliza kuvuta, awe ameona samaki au hakuona, kwa sababu maji ya mwanzo wa Juni yanaweza kuficha kilichoko nusu mita chini. Nilimwangalia akiifanya saa ya kwanza na nikamwangalia akiifanya jioni. Upana haukupungua hata kidogo. Mtu akichoka, kitu cha kwanza kukatwa huwa ni ile duara ya pili.

Alimwona mmoja alasiri. Mimi niliona kivuli cha shaba kikigeuka chini ya ncha ya fimbo, mgongo mpana, kisha majani yakitikisika. Hakumpata. Alipiga alama mahali pale kwenye ramani, akaandika joto na saa, na tukaondoka kwa makusudi. Turudi jua likikaribia kuzama, alisema, samaki aliyefuata ameshakuonyesha nyumba yake. Kumwacha samaki ambaye umemwona kwa macho yako, ili umpate kwa saa inayofaa, kunahitaji moyo mzito kuliko kurusha mara elfu kumi.

Sasa kuna sona inayotazama mbele na kumwonyesha samaki mmoja mmoja kwenye kioo, akielea, akigeuka, akikataa chambo. Imezua mjadala mkali miongoni mwa wavuvi wa maski, wengine wakitaka izuiwe. Ninaelewa hofu yao, hasa kwa samaki anayechukua miaka mingi kukua. Lakini kifaa hicho huona umbali mfupi tu, na ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 400. Anayekiwasha mahali pasipo na sababu ya samaki kuwapo ataangalia maji matupu yaliyochorwa vizuri.

Utunzaji nao ni sehemu ya ufundi. Julai 1955, katika siku za joto na maji tulivu, Leech ilitoa maski kwa makumi ndani ya muda mfupi, na picha za samaki waliotundikwa zikaenea. Wote hao walikuwa wamekufa. Mwaka 1966 chama cha Muskies, Inc. kilianzishwa Minnesota, na kikaeneza desturi ya kuwaachia hai. Leo sheria ya jimbo inataka maski awe na inchi 54, yaani sentimita 137, ndipo achukuliwe katika maziwa mengi, na wavuvi wengi hawamchukui hata akitimiza. Wavu huwa mkubwa, samaki hubaki majini ndani yake, na ndoana iliyong'ang'ania hukatwa kwa koleo la chuma badala ya kung'olewa. Kunyanyuliwa ni kwa picha moja, mikono miwili, mwili ukiwa umelazwa.

Hali hii ya mwanzo wa msimu haidumu. Kadiri Juni inavyosonga majani hurefuka hadi kufika juu, inzi wa majini huibuka kwa mamilioni kutoka kwenye matope, pechi hutawanyika, na maji ya tumbo kuu la ziwa hupata joto lile ambalo ghuba zilikuwa nalo peke yake. Yakipita nyuzi 20, majike makubwa huanza kutoka kwenda kwenye mafungu ya mbali na miamba ya wazi, na baadhi huelekea Walker Bay kuwafuata sisko. Kipimajoto hakionyeshi tena sehemu ya kwenda, kwa kuwa kila mahali kunasomeka sawa. Mwongozaji hukitia mfukoni na kuanza kulifuta ziwa upya, safari hii kwa upepo na mawe.